Inchi Mbili za Utepe

Utepe wa karatasi una tabia moja ambayo simu zenu hazina, vijana wangu: kosa likishatobolewa halizibwi. Ninyi mnagusa kioo, neno linatoweka, na mtu hajui kama liliwahi kuwapo. Sisi tuliishi na matundu yetu. Nilifanya kazi ya kupokea na kutuma telegramu kwa zaidi ya miaka thelathini, na nilianzia Tanga mjini, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, katika ofisi ambayo sitaitaja. Nitakayosimulia yana aibu ndani yake, na aibu hiyo ni yangu, si ya jengo.

Mnaponiuliza zamani tulihifadhi wapi mambo, nikijibu "kwenye utepe," mnacheka. Hata watoto wangu walicheka, mpaka mpwa wangu aliyekuwa baharia aliporudi, miaka ya themanini, na kikompyuta cha nyumbani cha kuchomeka kwenye televisheni. Kilikuwa hodari wa hesabu lakini msahaulifu: ukikizima, kimesahau kila ulichokifundisha. Basi akakiunganisha kwa waya na redio kaseti, akachukua kaseti ya taarabu ya mama yake bila kuomba ruhusa, akahifadhi juu yake mchezo alioutunga mwenyewe. Siku ya pili dada yangu akaiweka kaseti yake ajiburudishe, redio ikatoa mlio wa nyenje elfu moja. Alisoma Ayatul Kursi papo hapo. Mimi niliichukua kaseti ile nikaigeuzageuza mkononi, na machozi yakanilengalenga. Mlio wa juu na mlio wa chini, tundu na pasipo tundu: ni jambo lile lile. Watu wote chumbani walistaajabia kompyuta. Mimi nilistaajabia kaseti, maana nilikuwa namjua babu yake.

Babu huyo ni utepe mwembamba, haufiki upana wa kidole gumba. Unabonyeza herufi, mashine inatoboa safu ya matundu kukatiza utepe, kuanzia moja hadi matano, na kila herufi ina mpangilio wake. A ni matundu mawili yaliyokaa pamoja; ruka nafasi moja, ongeza la tatu, umepata J. Inchi moja inabeba herufi kumi. Ukimaliza unaulisha utepe kwenye mtambo wa kutuma, sindano zake tano zinapapasa matundu, na huko Dar es Salaam mashine nyingine inatoboa vivyo hivyo, tundu kwa tundu, bila mkono wa mtu. Siku ya kwanza nilipoiona ya kwetu ikijitoboa yenyewe nilirudi nyuma nikagonga kabati. Ilikuwa inapokea maneno ya mtu ambaye pengine alikwisha kwenda zake kula. Nilijiuliza maneno yako wapi pale katikati, ndani ya waya, juu ya mashamba ya mkonge, na mpaka leo sijapata jibu la kuniridhisha.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Yohana, Mbondei wa Muheza, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuwa mwalimu wa shule. Tulimwita hivyo kwa sababu aliweza kuuinua utepe mbele ya dirisha na kuusoma kama mnavyosoma gazeti, bila kuuchapa. Alinifundisha kuuzungusha utepe kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho, kwa umbo la nane, ili usijisokote. Alinifundisha kumwaga chenga kila asubuhi, vile vipande vidogo vinavyodondoka utepe unapotobolewa, kwa sababu zikijaa mtambo hukabwa. Chenga zile ziliingia kila mahali. Mke wangu alizikuta kwenye nywele zangu, akazikuta kwenye shuka, na siku alipoikuta moja kwenye chai akaniuliza kama huko kazini nina mwanamke mwingine anayenirushia mchele.

Akanifundisha na kufuta. Ukikosea herufi, unaurudisha utepe nyuma na kutoboa matundu yote matano. Safu iliyojaa matundu mashine huipita bila kusema kitu.

"Kosa huliondoi, Bakari," aliniambia. "Unalinyamazisha tu. Mwenye macho ataona kuwa hapa palikuwa na kitu."

Sharti lake jingine lilikuwa fupi: hatutoboi tusichokipokea. Nililiona jepesi mno hata nikashangaa kwa nini analirudia.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Ilikuwa siku ya Alhamisi. Mtambo wa kuchapa, tuliouita Bibi kwa kunung'unika kwake, ulikuwa mgonjwa tangu asubuhi na fundi hajafika. Mtambo wa kutoboa ulikuwa mzima. Kwa hiyo telegramu zilizoingia tulizipokea kwenye utepe peke yake, tukazitundika kwenye misumari ukutani, kila moja na kikaratasi chake cha jina, zikingoja Bibi apone. Alasiri ikaingia moja kutoka Tabora kupitia Dar es Salaam. Mwalimu alikuwa ametoka. Mimi, kwa pupa ya ujana, nikauvuta utepe ulipomaliza kutobolewa lakini haujatoka wote kwenye meno ya mtambo, ukachanika katikati.

Matundu yote yalikuwepo, ila vipande viwili. Utepe uliochanika huungwa kwa gundi, nayo chupa ya gundi ilikuwa imekauka kama jiwe. Nikakumbuka chakula changu cha mchana. Mke wangu alinifungia bada, ule ugali wa makopa ya muhogo ambao mtu wa Tanga akiukosa siku mbili anaona kichwa kinamuuma. Nikachukua tonge lililobaki, nikalilainisha kwa maji, nikaunga utepe wa Serikali kwa bada. Ukashika vizuri ajabu. Nikajiona fundi, nikautundika msumarini, na Mwalimu aliporudi sikumwambia neno.

Asubuhi ya Ijumaa nilikuta mende wameshakula. Mende wa Tanga naye ni mtu wa Tanga, anapenda bada. Walikula bada na karatasi iliyobeba bada, wakaacha kingo zilizotafunwatafunwa na pengo la inchi mbili.

Fundi alikuja mapema, Bibi akapona, tukachapa vile vipande viwili. Kipande cha kwanza kilisema: KADHI TANGA. MIMI ATHUMANI NIMERIDHIA BINTI YANGU MWANAHAWA AOLEWE. NAMWEKA. Kipande cha pili kilisema: ASIMAME BADALA YANGU. NAWAOMBEA HERI. Jina lilikuwa tumboni mwa mende.

Niwaeleze uzito wake. Mwanahawa alikuwa binti aliyelelewa Nguvumali kwa mjomba wake Salehe, kaka wa marehemu mama yake. Nikaha yake ilikuwa siku ile ile, baada ya sala ya Alasiri, na bwana harusi alipaswa kuondoka na gari moshi la Jumamosi kurudi kazini Mwanza, na mkewe. Baba yake, Athumani, alikuwa gadi wa reli Tabora na hakupata ruhusa. Kwa dini yetu binti huozwa na baba yake, au mtu ambaye baba amemweka awe wakili wake. Kadhi alikuwa ameagiza Athumani alete jina la wakili kwa simu, ndivyo tulivyoita telegramu. Mji mzima ulijua atakuwa Salehe. Athumani alikuwa na ndugu mmoja tu wa damu, Rajabu wa Mwera, na hao wawili walikuwa hawajasemezana miaka kumi na moja kwa ajili ya minazi aliyoiacha baba yao. Hata kutajana hawakutajana. Mmoja akimsema mwenzake alisema "yule".

Nilimwambia Mwalimu yote, na bada yake. Nilitamani anipige kofi yaishe.

"Tuwaombe Dar es Salaam waurudie," akasema. "Utepe wao wanao, hawautupi upesi."

Akagusa mtambo. Kimya. Mvua ya alfajiri ilikuwa imeangusha nguzo mahali fulani njiani na waya ulikuwa umekufa.

Saa tatu Salehe akaja, kanzu nyeupe, uso wa furaha. Mwalimu akampa karatasi na kumwambia ukweli: kuna maneno yamepotea hapa, ni kosa la ofisi, tunangoja waya. Hakusema ni kosa la nani.

"Yakhe, kosa gani?" Salehe akacheka. "Si mimi huyo? Nani mwingine? Nimemlea huyu mtoto tangu hajaota meno. Niandikieni Salehe hapo, nikawahi pilau isiungue."

"Hatuwezi kuandika, bwana."

Akaondoka na karatasi yake yenye pengo kwenda kwa Kadhi, akarudi baada ya saa moja, furaha imemtoka. Kadhi amekataa. Amesema, baba yu hai na amesema neno lake, na neno limefika Tanga. Yeye hawezi kuoza kana kwamba baba hakusema, wala hawezi kulikisia. Jina lisipopatikana mpaka Alasiri, shughuli ivunjwe, watu wale pilau waende makwao.

"Mimi n'tamwambia nini yule mtoto?" Salehe akamuuliza Mwalimu. "Keshapakwa hina. Keshakaa kitandani tangu juzi hatoki. Niambie, nikamwambie nini?"

Salehe akakaa kwenye benchi, kichwa mikononi, na mimi moyo ukanichoma kama pilipili. Binti wa watu angeaibika mbele ya mji mzima kwa ajili ya tonge langu la bada.

Kulikuwa na mzee mwingine pale barazani tangu tulipofungua, amevaa kanzu iliyokunjwa mistari ya sandukuni, na kikapu cha makuti miguuni. Asubuhi alikuwa amenijia dirishani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ati, simu ya Tabora imekuja?"

"Ya harusi? Imekuja, lakini si yako, mzee," nikamjibu, kwa ule ukali wa karani aliyekosea anayetafuta wa kumkaripia.

Akasema, "Najua si yangu," akarudi kukaa.

Saa saba, watu walipokuwa msikitini kwa sala ya Ijumaa, nilibaki zamu. Ndipo shetani akanikalia begani. Nilipima pengo kwa rula. Inchi mbili, herufi ishirini, ukiachia kingo zilizoliwa. Nikahesabu kwa vidole: SHEMEJI YANGU SALEHE. Ishirini kamili, pamoja na nafasi! Niliona Mungu mwenyewe amenijibu. Kila mtu anajua, Kadhi anataka jina tu, binti analia, nami ninazo funguo za herufi mbele yangu. Nikatoboa. Kipande kile kilitoka kizuri, safi, hakuna jicho duniani ambalo lingekijua kuwa si cha Tabora. Hilo ndilo lililonitisha baadaye. Mwandiko wa mtu unajulikana. Tundu halina mwandiko.

Nilikuwa nakisogeza kwenye pengo kuona kama kinaingia, Mwalimu akasimama nyuma yangu. Akakichukua, akakiinua mbele ya dirisha, akakisoma mpaka mwisho.

"Bakari, mjumbe hauawi," akasema taratibu. "Kwa nini hauawi?"

"Kwa sababu maneno si yake."

"Basi. Siku akitia lake, auawe tu." Akanirudishia. "Toboa yote."

Nilikirudisha kwenye mtambo na kutoboa matundu matano juu ya kila herufi, herufi ishirini. Alisimama pale mpaka nikamaliza. Nilimchukia siku ile, nawaambia kweli. Nilimwona Mkristo mkavu asiyejua uchungu wa harusi ya Kiislamu iliyovunjika. Nikamwambia, "Mwalimu, lakini ni Salehe! Ni nani mwingine?" Akajibu, "Pengine. Akiwa ni yeye, Dar es Salaam watatuambia."

Salehe alirudi kutoka msikitini, na nyuma yake watu wanne watano wa harusi. Walijaa barazani. Saa nane ikapita. Saa tisa. Wote walikuwa wanauangalia mtambo wa chuma kama watu wanaomngoja mgonjwa apumue.

Saa tisa na robo ukapumua. Sindano zilishtuka, kengele yake ndogo ikalia mara moja, na Mwalimu akawa ameshakaa kitini kabla mlio haujaisha. Akaomba. Dar es Salaam wakajibu, ngojeni, tunautafuta. Halafu utepe ukaanza kutoka.

Nimeona mengi kazini baada ya siku ile. Nimeona satelaiti, nimeona faksi, na kile kikompyuta cha mpwa wangu nimekisimulia. Hakuna kilichonitia haya ya Mungu kama utepe ule. Yalikuwa maneno yale yale ya jana, kwa mpangilio ule ule, hayakuchoka, hayakubadilika, hayakujua kuwa mende waliyala. Mtu amesema kitu Tabora, kimelala usiku mzima ndani ya karatasi Dar es Salaam, na sasa kinaamka Tanga kinasema tena kama ndiyo kwanza.

Mwalimu hakumngoja Bibi achape. Aliusoma utepe ulipokuwa ukitoka, midomo inacheza. Kisha midomo ikasimama. Akaurudia tena pale pale. Akavua miwani.

"NAMWEKA NDUGU YANGU RAJABU," akasoma kwa sauti. "ASIMAME BADALA YANGU."

Mimi nilishika ukingo wa meza. Nilikuwa nimekwisha toboa jina la Salehe. Ningemwoza binti kwa wakili ambaye baba yake hakumweka, na jina hili ningelizika mimi kwa mkono wangu, na hakuna ambaye angejua kamwe.

Salehe alikuwa amekaa. Mtu amelea mtoto miaka yote ile, na siku ya siku hakutajwa. Kisha akainuka, akapita katikati ya wale wenzake, akaenda mpaka kwa yule mzee wa kikapu.

"Rajabu," akamwambia, "ulikuwa umekaa hapa tangu asubuhi, na mimi nakuona, na nimekunyamazia. Unisamehe. Inuka, shemeji yangu."

Yule mzee hakuinuka. Alisema amekuja kutoka Mwera kwa sababu alisikia mtoto wa ndugu yake anaolewa, akaona haya kwenda nyumbani Nguvumali, akaona afadhali akae pale posta asikie tu kama yule amesema heri. Hakutegemea zaidi. Halafu akamgeukia Mwalimu kwa uso wa mtu anayeogopa kufanyiwa mzaha.

"Jina langu liko wapi humo?"

Mwalimu alitoka na utepe, akachutama mbele yake. Yule mzee hakujua kusoma hata herufi za kawaida. Mwalimu akamshika kidole gumba, akakipitisha juu ya matundu polepole. "Hii ni R, mawili yameachana. Hii A, yamekaa pamoja. J. A tena. B. U. Ndiwe huyo." Rajabu akapapasa mwenyewe, mara ya pili, mara ya tatu, na machozi yakamdondoka hadharani bila kuyafuta.

"Kanitaja," akasema. "Kaka kanitaja."

Bibi alipomaliza kuchapa, Mwalimu akaniambia, "Zamu yako imekwisha. Nenda ukashuhudie, kesho unieleze." Nikakimbia nao mpaka msikitini, na chenga zangu kichwani.

Sala ilikuwa imekwisha na watu wamekaa. Kadhi akaisoma telegramu, akaitikia kwa kichwa, akamwita Rajabu mbele. Rajabu akaushika mkono wa bwana harusi. Kadhi akawa anamsomea, naye anafuatisha, neno kwa neno, kama inavyofanywa kwa asiye msomi. Nakuozesha. Nakuozesha. Mwanahawa. Mwanahawa. Binti Athumani.

Hapo Rajabu akakwama. Miaka kumi na moja ilikuwa imelikalia jina lile. Bwana harusi, maskini, alikodoa macho akidhani ameghairiwa. Kadhi hakumharakisha.

"Binti wa ndugu yangu Athumani," Rajabu akasema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, na Kadhi, mtu mkali wa kila herufi ya neno la nikaha, hakumsahihisha.